Mapitio ya kitabu: Bahari huru ya Grotius, na Mskoti aliyembishia

Kitabu ninachokipitia hapa ni chembamba, hakifiki kurasa 200, na ugomvi uliomo ndani yake una zaidi ya miaka 400. Hata hivyo nimekisoma mara tatu katika muda wa mwaka mmoja, kila mara nikiwa na ramani ya Bahari ya Hindi pembeni, na ningependa kueleza kwa nini naona kwamba msomaji wa pwani yetu anayejali sheria ya bahari, awe mwanafunzi, afisa wa bandari au mwalimu, ana sababu ya kukitafuta. Kinaitwa The Free Sea, yaani bahari huru, na kilitolewa mwaka 2004 na Liberty Fund ya Indianapolis, Marekani, kikiwa kimehaririwa na mwanahistoria David Armitage. Ndani yake yamewekwa pamoja maandishi matatu: tafsiri ya Kiingereza ya Mare Liberum, kijitabu alichokiandika Mholanzi Hugo Grotius kwa Kilatini, sura ambayo Mskoti William Welwod aliiandika kumpinga, na jibu ambalo Grotius alimwandikia Welwod lakini hakulichapisha maisha yake yote.

Mpangilio huo ndio unaokipa kitabu thamani yake. Mare Liberum imechapishwa mara nyingi, na kwa kawaida husomwa peke yake, hata mwanafunzi akadhani kwamba uhuru wa bahari ni hoja iliyotamkwa siku moja na dunia ikaitikia. Hapa wabishani wawili wameketishwa kwenye baraza moja na kila mmoja amepewa nafasi ya kusema hadi mwisho. Hata tafsiri yenyewe ina historia yake. Ilifanywa na Richard Hakluyt, Mwingereza aliyekusanya habari za safari za baharini na kufariki mwaka 1616, kisha mswada wake ukakaa katika maktaba ya Inner Temple, chama cha mawakili jijini London, karibu karne nne bila kupigwa chapa, mpaka toleo hili. Kiingereza tunachokisoma, basi, ni cha mtu aliyeishi wakati ugomvi ukiwa bado wa moto, na jambo hilo linahisika katika kila ukurasa.

Kesi iliyozaa kitabu ilianzia mbali na Ulaya. Tarehe 25 Februari 1603, katika mlangobahari wa Singapore karibu na Johor, nahodha Mholanzi Jacob van Heemskerk aliiteka Santa Catarina, merikebu kubwa ya Wareno iliyokuwa ikitoka Macau kwenda Malacca ikiwa imesheheni hariri na vyombo vya kaure kutoka China. Bidhaa zake zilipouzwa Amsterdam zilileta zaidi ya gilda milioni 3, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa za kutia kizunguzungu. Mwaka 1604 mahakama ya kesi za baharini ya Amsterdam iliamua kwamba merikebu hiyo ni ngawira halali. Lakini si Waholanzi wote waliotulia, kwani baadhi ya wanahisa walikataa kwa sababu za dini kupokea faida iliyopatikana kwa nguvu ya mizinga. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilihitaji mtu wa kuitetea mbele ya watu wake yenyewe na mbele ya mataifa, na ikamwendea Grotius, wakili kijana wa Delft aliyezaliwa mwaka 1583 na ambaye tayari alikuwa na sifa ya elimu kubwa.

Grotius aliandika kitabu kizima kuhusu sheria ya ngawira, akakiacha kabatini. Sura yake ya 12 ndiyo aliyoichomoa, akaitengeneza na kuitoa Leiden mwaka 1609 bila kuweka jina lake, wakati Waholanzi na Mfalme wa Hispania, ambaye enzi hizo alitawala Ureno pia, walipokuwa wakijadiliana juu ya kusimamisha vita kwa miaka 12. Kitabu kikubwa kilipatikana mwaka 1864 tu, karatasi za ukoo wake zilipopigwa mnada The Hague. Nayasema haya mapema kwa sababu msomaji akiyasahau atadanganyika. Mare Liberum imeandikwa kwa sauti ya mtu anayewahutubia binadamu wote, ilhali mteja wake ni kampuni moja yenye merikebu, mizinga na hesabu za faida. Mwamba ngoma huvuta kwake, na Armitage katika utangulizi wake halifichi jambo hilo.

Sasa nije kwenye hoja zenyewe. Grotius anaanza bila kuzunguka: anakusudia kuonyesha kwamba Waholanzi wana haki ya kusafiri hadi nchi za Mashariki na kufanya biashara na wenyeji wake. Kisha anayachukua madai ya Wareno moja baada ya jingine, na kuyavunja. Wanasema waliigundua njia. Wanasema Papa aliwapa. Wanasema wameshinda vita. Wanasema wameitumia bahari hiyo muda mrefu hata ikawa yao. Kuhusu Papa, ambaye hati yake ya mwaka 1493 na Mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494 viliwafanya wafalme wa Hispania na Ureno waigawane dunia kama watu wanaogawana shamba, Grotius anajibu kwamba hakuna awezaye kutoa asichokuwa nacho. Anapenda pia kuwatumia wanazuoni wa Hispania yenyewe, hasa Vitoria na Vázquez, ili mpinzani apigwe kwa fimbo iliyokatwa katika msitu wake. Sura hizi zinasomeka haraka, na kwa msomaji wa leo ambaye hahitaji kushawishiwa kwamba Papa hakuwa na mamlaka ya kugawa bahari, zinaweza kuchosha kidogo.

Ila kuna mahali pamoja, katika sura ya 5, ambapo niliweka kitabu chini. Grotius anawauliza Wareno wanawezaje kudai kwamba waliifungua bahari ile, kana kwamba bahari inayopakana na Wamuri, Wahabeshi, Waarabu, Waajemi na Wahindi ingeweza kuwa haijulikani kwa watu hao hao wanaoishi kando yake na ambao ni mabaharia. Ni swali fupi, na hakulisema kwa ajili yetu. Alikuwa akitafuta jiwe la kumrushia Mreno. Lakini limesimama pale, limechapishwa Ulaya mwaka 1609, wakati pwani yetu ilikuwa imeshaishi karne nzima chini ya madai hayo. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 na kuondoka akiwa na rubani aliyeijua njia ya kuvuka hadi India. Mwaka uliofuata mfalme wake alijitwalia cheo cha bwana wa usafiri wa baharini na biashara ya Ethiopia, Arabuni, Uajemi na India. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaichoma moto Mombasa. Baada ya hapo Wareno walileta utaratibu wa hati walizoziita cartaz, ambapo chombo cha mfanyabiashara kilipaswa kubeba karatasi ya ruhusa ya Mreno kupita katika maji ambayo babu wa nahodha wake aliyapita kwa kufuata kaskazi na kusi bila kumwomba mtu. Kisichokuwa na karatasi kiliweza kutekwa pamoja na shehena yake. Msomaji aliyekulia Lamu, Kilwa au Unguja hatausoma ubishi huu kama jambo la Wazungu peke yao, maana bahari iliyokuwa ikigombaniwa ni ile anayoiona akifungua dirisha.

Sura ya 5 ndiyo moyo wa kijitabu, na hapo ndipo Grotius anapokuwa mwanasheria mahiri kweli. Anasema umiliki ulianza kwa kushika: mtu hushika kitu, hukizungushia mpaka, hukitumia na kukimaliza, na hapo kinakuwa chake. Bahari haishikiki wala haizungushiwi ua, na matumizi ya mmoja kwa kuipita hayampunguzii mwingine chochote. Chombo kikipita baharini, anatuambia, hakiachi nyuma yake haki kama ambavyo hakiachi njia. Nimesafiri kwa jahazi mara kadhaa na nimekaa tezi nikitazama mkondo wa povu ukifutika kabla sijahesabu hadi 100, na sijapata kukutana na hoja ya kisheria iliyo karibu hivyo na macho ya baharia. Pia ni mwangalifu kuliko wanavyosema watu wanaomnukuu bila kumsoma. Anaeleza wazi kwamba hazungumzii ghuba, wala mlangobahari, wala hata maji yote yanayoonekana mtu akisimama ufukweni; anazungumzia bahari kuu. Tena, katika sentensi ambayo sidhani alijua ingefika wapi, anakiri kwamba kuhusu uvuvi mtu angeweza kudai kuwa samaki huweza kumalizika, na kwa hiyo pengine uvuvi ungeweza kukatazwa, lakini usafiri haukatazwi kwa kuwa bahari haipungukiwi na kitu kwa kupitwa.

Kwenye sentensi hiyo ndipo Welwod anapoingia. Alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha St Andrews, kwanza wa hisabati na baadaye wa sheria, na mwaka 1613 alichapisha muhtasari wa sheria za bahari ambao sura yake ya 27 inamjibu mwandishi asiyejulikana wa Mare Liberum. Mfalme wake, James, alikuwa ametoa tangazo mnamo Mei 1609 kwamba wavuvi wa kigeni hawataruhusiwa kuvua katika maji ya Uingereza na Uskoti bila leseni, na kila mtu alijua kwamba waliolengwa ni Waholanzi na merikebu zao kubwa za kuvulia samaki aina ya heringi. Kwa hiyo Welwod naye anavuta ngoma kwake. Anaanza na Biblia, pale Mwenyezi Mungu anapompa binadamu mamlaka juu ya dunia na juu ya samaki. Anasema pia kwamba Warumi walipoiita bahari ya wote walikuwa na maana ya raia wote wa Roma, si mataifa yote. Sehemu hiyo hainivutii sana.

Kinachonivutia ni pale anapoacha vitabu na kutazama pwani yake. Anasema hapo zamani samaki walijaa kila siku hadi ukingoni mwa pwani ya mashariki ya Uskoti, lakini tangu merikebu za Waholanzi zianze kusogea karibu kila siku, makundi ya samaki yamevunjika na kutawanyika mbali kiasi kwamba wavuvi wadogo wa pale hawapati tena cha kuwatosha. Hii ni mwaka 1613. Nimeisoma aya hiyo mbele ya wazee wawili wa pwani ambao hawajawahi kusikia jina la Welwod, nikiwatafsiria sentensi kwa sentensi, na mmoja wao aliniuliza ni bandari gani hapa kwetu inayozungumziwa. Hoja ya Grotius inasimama juu ya dhana kwamba matumizi ya bahari hayaipunguzi. Welwod hakuhitaji falsafa kuikanusha. Alihitaji kuhesabu kilichomo ndani ya wavu.

Anajibu pia lile dai kwamba bahari haiwezi kuwekewa mpaka. Mungu, anasema, amempa binadamu akili, dira, hesabu ya mwendo na bildi ya kupimia kina, ili aweze kuweka mwisho ndani ya kisicho na mwisho. Marehemu mjomba wangu alivua kwa mshipi zaidi ya miaka 30, na alikuwa akiupata mwamba wake, ambao juu ya maji hauna alama yoyote, kwa kuoanisha mnara wa msikiti na mnazi mmoja upande mmoja, na kichwa cha kisiwa na kilima upande mwingine. Wenzake waliujua kuwa ni mwamba wake, na kila mmoja alikuwa na wake. Bahari ile haikuwa na ua, na bado ilikuwa na mipaka iliyoheshimiwa. Nadhani katika jambo hili Mskoti yule alikuwa karibu zaidi na ukweli wa wavuvi kuliko wakili wa Delft. Na si kwamba anataka kuifunga bahari yote. Mwisho wa sura yake anakubali, kwa maneno ya Kilatini, kwamba bahari kuu iliyo mbali na mipaka ya haki ya kila taifa iwe huru. Wawili hawa, ukiwapima vizuri, hawako mbali kama majina ya vitabu yanavyoashiria. Wanachogombania ni mahali pa kuweka mpaka, na nani apewe samaki walio upande wa ndani.

Jibu la Grotius, ambalo ndilo andiko la tatu, linaitetea sura ya 5 peke yake, na ni gumu kusoma. Ni la mtu anayepasua nywele: anatenganisha umiliki na mamlaka ya kulinda, anarejea matini za Kirumi moja moja, na hakubali kurudi nyuma hata hatua moja juu ya uvuvi, ingawa mwaka 1609 alikuwa ameacha mlango wazi. Liliandikwa karibu mwaka 1615 na kuchapishwa mwaka 1872. Ninapolisoma nakumbuka kwamba mwaka 1613 mwandishi huyu huyu alikwenda London akiwa katika ujumbe wa Waholanzi, kutetea haki ya kampuni ya kununua peke yake viungo vya Visiwa vya Moluku, katika Indonesia ya leo, kwa mujibu wa mikataba na wenyeji, na kwamba Waingereza walimjibu kwa kumnukulia Mare Liberum. Mwaka 1621 kampuni hiyo hiyo iliviteka visiwa vya Banda kwa umwagaji damu mkubwa ili kuihodhi kungumanga. Uhuru uliodaiwa mbele ya Mreno haukupewa Mwingereza, wala mwenyeji wa Banda. Sisemi kwamba hoja ya Grotius ni batili kwa sababu ya mteja wake. Nasema kwamba mtu anayeisoma bila Welwod pembeni, na bila Banda akilini, amesoma nusu.

Nije kwenye ubora wa toleo lenyewe. Jalada ni laini lakini limeshonwa vizuri, karatasi ni nzuri, na nakala yangu haijaachia ukurasa licha ya kubebwa kwenye mkoba kwa miezi. Upande wa ndani wa jalada kuna alama ya maandishi ya kale ya Wasumeri, neno la uhuru linalowekwa katika vitabu vyote vya mchapishaji huyu. Tanbihi za Armitage ni fupi na zinasaidia, hasa pale Grotius anapowarundika wanasheria wa kale ambao leo hakuna anayewajua. Tahajia ya Hakluyt imefanywa ya kisasa, lakini sentensi zake ni ndefu mno na baadhi ya maneno yamebadilika maana, hivyo mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu atahitaji subira na kamusi. Matini hayo yanapatikana pia bure kwenye tovuti ya Liberty Fund, na kwa mwanafunzi asiyeweza kugharimia usafirishaji wa kitabu kutoka ng'ambo hilo ni jambo la kushukuru.

Nina masikitiko mawili. La kwanza ni kwamba Serafim de Freitas, mtawa Mreno aliyemjibu Grotius kwa urefu huko Valladolid mwaka 1625, hana sauti hapa, kama vile John Selden, aliyechapisha hoja ya bahari kufungwa mwaka 1635. Selden ni mkubwa mno kwa kitabu chembamba, nakubali. Lakini kwa msomaji wa Bahari ya Hindi, Mreno ndiye mshtakiwa mkuu, na ningependa kumsikia akijitetea angalau kwa kurasa kumi. La pili ni zito zaidi. Utangulizi unatupeleka Delft, London na St Andrews kwa umakini mkubwa, ila watu ambao bahari ilikuwa yao ya kila siku wanabaki kuwa majina katika ile orodha ya sura ya 5. Johor, ambako merikebu ilitekwa, ilikuwa na sultani na sheria; Kilwa na Hormuz zilikuwa zikitoza ushuru na kupokea vyombo vya kila dini muda mrefu kabla ya Wareno. Kurasa tano juu ya desturi hizo zingekibadilisha kitabu.

Pamoja na hayo, ndicho ningempa mtu anayetaka kuelewa mipaka ya bahari tuliyonayo leo ilitoka wapi. Mwaka 1972 Frank Njenga wa Kenya alipeleka mbele ya mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika uliofanyika Lagos wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, na mwezi Agosti mwaka huo Kenya ikawasilisha rasimu yake kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Sababu zilikuwa zile zile za pwani ya Uskoti: meli za mbali zenye vifaa vikubwa, na wavuvi wa karibu wenye ngalawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, na kuanza kutumika mwaka 1994, unaipa nchi ya pwani maili 12 za baharini za mamlaka kamili na hadi maili 200 za haki juu ya samaki na rasilimali nyingine, huku meli za mataifa yote zikibaki huru kupita katika ukanda huo, na bahari kuu iliyo nje yake ikiwa haimilikiwi na taifa lolote. Kuhusu kupita, Grotius alishinda. Kuhusu samaki alishinda Welwod, kwa umbali ambao hata Bartolus, mwanasheria wa Italia wa karne ya 14 aliyekubali maili 100, asingeuota.

Anayekianza kitabu hiki namshauri asifuate mpangilio wake. Aanze na utangulizi, aende moja kwa moja kwa Welwod, ambaye ni mfupi na ana chumvi ya bahari katika maneno yake, kisha arudi kwenye sura ya 5 ya Grotius na kuisoma polepole, mara mbili ikibidi, na baada ya hapo jibu. Sura za Papa na za vita zinaweza kusubiri siku ya mvua.